Kabla ya Ikulu: miaka minane ya Obama kama mbunge wa jimbo la Illinois

Tarehe 27 Julai 2004, mjini Boston, mtu mwembamba wa miaka 42 alipanda jukwaani mbele ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic. Aliongea kwa muda usiofika dakika 20. Alipomaliza, Marekani nzima ilikuwa inaulizana jina lake. Wengi hawakujua kwamba usiku ule Barack Obama hakuwa gavana wala seneta wa taifa. Alikuwa mbunge wa jimbo, na sehemu ya hotuba hiyo alikuwa ameiandika hotelini Springfield, wakati wenzake wa bunge la Illinois walikuwa bado wanabishana juu ya bajeti.

Habari ya Obama rais inajulikana hadi vijijini kwetu. Habari ya Obama mbunge wa jimbo haijulikani sana, ingawa ilidumu miaka minane, sawasawa na miaka aliyokaa Ikulu. Ni humo alimojifunza kazi ya siasa, na ni humo pia alimoanguka vibaya.

Illinois ni jimbo la katikati ya Marekani. Mji wake mkubwa ni Chicago, lakini makao ya serikali ni Springfield, mji mdogo ulio karibu kilomita 320 kusini-magharibi. Bunge lake lina vyumba viwili: Seneti yenye viti 59 na chumba cha wawakilishi chenye viti 118. Kwetu Kongo wabunge wa jimbo ndio wanaomchagua gavana. Huko gavana anachaguliwa na raia moja kwa moja. Ila wabunge wa Illinois wana silaha ambayo wabunge wetu wa jimbo hawana: wanatunga sheria ya makosa ya jinai. Wao ndio wanaoamua namna polisi watakavyomhoji mtuhumiwa, na zamani hizo waliamua hata kama jimbo litamuua mtu aliyehukumiwa. Jambo hili litarudi mbele.

Sahihi 757

Obama hakuzaliwa Illinois. Alizaliwa Hawaii, baba Mkenya na mama Mmarekani, akafika Chicago mwaka 1985 kufanya kazi ya kuwaunganisha wakaaji wa mitaa ya kusini, ambako viwanda vya chuma vilikuwa vimefungwa. Akaenda kusomea sheria Harvard, akarudi, na mwaka 1992 akaongoza kazi ya kuandikisha wapiga kura wapya. Alikuwa pia akifundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Chicago.

Mlango ulifunguka mwaka 1995. Mbunge wa taifa wa eneo lile, Mel Reynolds, alihukumiwa na mahakama na kiti chake kikabaki wazi. Alice Palmer, seneta wa jimbo wa eneo la 13, mwanamke aliyeheshimiwa sana na watu wa maendeleo mjini, aliamua kukigombea. Kiti chake mwenyewe cha Springfield alimwachia kijana Obama, akamtambulisha kwa marafiki zake.

Mwezi wa Novemba Palmer akashindwa na Jesse Jackson mdogo, mtoto wa mchungaji Jesse Jackson. Hapo wazee wa chama wakamwendea Obama: mama amekosa huko, umrudishie kiti chake, wewe ungali kijana. Obama akakataa. Alisema Palmer alikuwa amempa neno lake, na yeye alikwisha kuanza kampeni.

Kilichofuata bado kinasimuliwa Chicago. Kwa sheria, kila mgombea alipaswa kuleta sahihi halali 757 za wapiga kura wa eneo. Palmer alikusanya zake harakaharaka. Watu wa Obama walienda katika ofisi ya tume ya uchaguzi wakazikagua jina kwa jina: huyu hakuandikishwa, huyu anakaa nje ya eneo, huyu jina lake limeandikwa na mkono wa mwingine. Palmer akaondolewa. Wagombea wengine watatu nao wakaondolewa kwa njia hiyo hiyo. Katika uchaguzi wa ndani wa chama wa Machi 1996, jina la Obama lilisimama peke yake.

Hakuvunja sheria yoyote. Lakini mtu aliyekuwa amejenga jina lake kwa kuwasaidia watu wapate kura, alianza siasa kwa kuwanyima wapiga kura wa eneo lake nafasi ya kuchagua. Palmer hakusahau, mwaka 2008 alimuunga mkono Hillary Clinton.

Upande wa wachache

Mwezi wa Januari 1997 Obama alikula kiapo, akakuta kwamba kiti alichokipata kina nguvu ndogo. Chama cha Republican ndicho kilichokuwa na viti vingi katika Seneti, chini ya spika James Philip, ambaye watu walimwita Pate, mwanasiasa mgumu wa vitongoji vya Chicago. Muswada wa mtu wa upinzani uliweza kulala ndani ya kamati hadi kufa bila kujadiliwa. Kwa miaka sita Obama aliishi hivyo.

Wenzake weusi wa Chicago nao hawakumpokea wote kwa mikono miwili. Maseneta Rickey Hendon na Donne Trotter walimdhihaki kama msomi wa Harvard anayetaka kuwafundisha kazi. Hawakuwa wamekosea kabisa: katika siku zile hotuba zake bungeni zilifanana na somo la darasani.

Aliyemsaidia kutoka hapo alikuwa Emil Jones, kiongozi wa maseneta wa Democratic, mzee aliyewahi kuwa mkaguzi wa mifereji ya maji machafu Chicago. Obama alimwambia anataka kazi ngumu. Jones akampa moja ambayo hakuna aliyeitaka: sheria ya maadili ya wanasiasa wenyewe. Kwa wakati ule mbunge wa Illinois aliweza kutumia pesa za kampeni kwa mahitaji yake ya binafsi, na watu wenye shida zao serikalini waliweza kumpa zawadi bila kipimo.

Obama alizunguka kutoka ofisi hadi ofisi. Mwaka 1998 sheria ikapita kwa kura nyingi za vyama vyote viwili, ikiwa mabadiliko makubwa ya kwanza ya aina hiyo kwa miaka karibu 25. Ilikataza zawadi nyingi, ikakataza pesa za kampeni kugeuzwa kuwa pesa za nyumbani, ikalazimisha hesabu za kampeni ziwekwe wazi kwa kompyuta. Ili ipite, ilibidi kuwaachia wakubwa waliokuwa na akiba yao tayari waendelee kuitumia. Wenye kutaka usafi kamili walinung'unika. Bila kuwaachia, sheria isingepita.

Jioni, Springfield haina mengi ya kufanya. Seneta Terry Link alianzisha mchezo wa karata za poka nyumbani kwake, na Obama akawa wa kila wiki pamoja na Denny Jacobs, Larry Walsh aliyekuwa mkulima, na wengine, hata wa Republican na watu wa makampuni waliokuja kushawishi wabunge. Waliita mchezo huo "mkutano wa kamati". Pesa zilikuwa ndogo. Wenzake wanakumbuka kwamba alicheza kwa tahadhari: karata zikiwa mbaya aliziweka chini. Watu waliomwona asubuhi kama profesa walikutana naye usiku akivuta sigara na kucheka, na kura kadhaa za miaka iliyofuata zilianzia pale mezani.

Safari ya Hawaii na kipigo cha mwaka 2000

Mwaka 1999 Obama alifanya hesabu mbaya. Aliamua kumpinga Bobby Rush, mbunge wa taifa wa mitaa ya kusini, mmoja wa waanzilishi wa tawi la Black Panther la Illinois, mtu ambaye kila mama wa mtaa ule alimjua kwa jina. Mwezi wa Oktoba, kampeni ikiwa imeanza, mtoto wa Rush akapigwa risasi barabarani na akafa. Kuanzia siku hiyo ilikuwa vigumu kwa mpinzani kufungua kinywa.

Kisha ikaja Desemba. Gavana George Ryan aliita kikao maalum wakati wa sikukuu ili kupitisha sheria dhidi ya silaha haramu. Obama alikuwa Hawaii na familia yake kumwona bibi yake. Mtoto wake Malia, wa mwaka mmoja na nusu, akawa mgonjwa, na baba hakurudi kwa wakati. Muswada ukakwama kwa kura chache. Magazeti ya Chicago yakamshambulia, na Rush hakuhitaji hata kutafuta maneno: mtaa unazika watoto wake waliouawa kwa bunduki, na seneta wao yuko kwenye kisiwa cha jua.

Machi 2000 Rush alipata karibu asilimia 61, Obama asilimia 30. Kwa kila kura moja ya Obama, Rush alikuwa na mbili. Baadaye Obama aliandika mwenyewe jinsi alivyoenda Los Angeles mwaka ule ule kwenye mkutano mkuu wa chama: kadi yake ya benki ikakataliwa alipotaka kukodi gari, hakupata ruhusa ya kuingia ukumbini, akafuatilia mkutano kwenye televisheni kisha akarudi nyumbani kabla haujaisha. Alikuwa na deni, mke aliyechoka na siasa, na kiti cha upinzani katika mji mdogo wa Springfield.

Kofia ya Lincoln

Kilichomwinua hakikuwa hotuba. Ilikuwa karatasi iliyotolewa ndani ya kofia.

Kila baada ya miaka 10, baada ya hesabu ya watu, Illinois inachora upya mipaka ya maeneo ya uchaguzi. Vyama viwili visipokubaliana, katiba ya jimbo inaamuru kura ya bahati. Septemba 2001 ndivyo ilivyokuwa. Katibu wa jimbo, Jesse White, aliingiza mkono katika kofia ndefu iliyotengenezwa kwa mfano wa ile ya Abraham Lincoln, akatoa jina la mtu wa Democratic. Kwa tendo hilo moja, chama cha Obama kikapata kalamu ya kuchora ramani nzima ya jimbo.

Obama aliketi na wataalamu wa chama na kulipanga upya eneo lake mwenyewe. La zamani lilijaa mitaa ya kusini, tajiri kidogo na maskini wengi. Jipya liliacha baadhi ya mitaa hiyo na kupanda kaskazini kando ya ziwa hadi katikati ya mji, hadi Gold Coast, mtaa wa matajiri. Walio weusi bado walikuwa wengi, ila sasa ndani yake kulikuwa pia na wafadhili wakubwa na watu wenye sauti katika magazeti. Wanasiasa wa kila nchi wanajua maana ya kuchagua wapiga kura kabla wao hawajakuchagua. Obama alilijua pia, na alilifanya.

Novemba 2002 ramani hiyo ilizaa matunda: Democratic ikachukua Seneti. Januari 2003 Emil Jones akawa spika. Obama, aliyekuwa amekaa miaka sita akiomba, sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya afya. Jones anasimulia kwamba Obama alimwendea akamwambia kuwa sasa mzee ana uwezo wa kumtengeneza seneta wa taifa. Jones akamuuliza kama ana mtu fulani akilini. Obama akajibu kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe.

Chumba cha mahojiano

Miswada iliyofuata ilipita mingi, na kweli ni kwamba Jones alimpa Obama baadhi ya ile ambayo wengine walikuwa wameisukuma miaka mingi. Hendon na wenzake hawakufurahi. Lakini mmoja ulikuwa na uzito wa damu, na kazi yake ilikuwa ya Obama.

Tangu jimbo liliporudisha adhabu ya kifo mwaka 1977, Illinois ilikuwa imewaua watu 12. Katika muda huo huo, watu 13 waliokuwa wakingoja kuuawa waligundulika kuwa hawakupaswa kuhukumiwa. Hesabu hiyo ilimfanya gavana Ryan, mtu wa Republican aliyekuwa akiunga mkono adhabu hiyo, asimamishe mauaji yote Januari 2000. Siku chache kabla ya kuondoka madarakani, Januari 2003, aliwasamehe wanne kabisa na kuwabadilishia hukumu zaidi ya 160 wengine. Baadhi yao walisema walikiri makosa chini ya mateso ya askari wa Jon Burge, kamanda wa polisi wa Chicago.

Obama hakupeleka muswada wa kufuta adhabu ya kifo, alijua hautapita. Alichukua kipande kimoja: mahojiano ya mtuhumiwa wa mauaji yarekodiwe kwa video au sauti, tangu mwanzo, si wakati wa kukiri tu. Polisi walipinga. Waendesha mashtaka walipinga. Gavana mpya, Rod Blagojevich, wa chama chake mwenyewe, alisema anaupinga.

Obama aliwaketisha pamoja. Wanaotetea watuhumiwa walitaka mengi, polisi hawakutaka chochote, na yeye akarudi tena na tena na karatasi iliyosahihishwa. Kwa polisi hoja yake ilikuwa kwamba mkanda unamlinda pia askari safi: muuaji aliyekiri kwa hiari hataweza kudai mahakamani kwamba alipigwa. Siku ya kura katika Seneti hakuna hata mmoja aliyepinga. Gavana akageuza msimamo, akatia sahihi mwaka 2003. Illinois ikawa jimbo la kwanza la Marekani kulazimisha jambo hilo kwa sheria ya bunge. Kabla yake, Alaska na Minnesota zilikuwa zimelazimishwa na mahakama.

Mwaka huo huo ilipita sheria nyingine yake, inayowataka polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha, ili ijulikane kama weusi wanasimamishwa zaidi. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya kizuizi cha barabarani ataelewa kwa nini ilihitajika.

Kitufe cha tatu

Wapinzani wake wana orodha yao. Mbunge wa Illinois ana vitufe vitatu: ndiyo, hapana, na "nipo". Obama alibonyeza "nipo" mara karibu 130, kati ya kura elfu kadhaa. Kwa kuwa muswada unahitaji ndiyo 30 ili upite, "nipo" inafanya kazi ya hapana bila kuwa na jina la hapana. Mara nyingine ulikuwa mpango wa chama au wa mashirika, hasa katika miswada ya utoaji mimba. Mara nyingine ilikuwa kujikinga tu. Mwaka 2008 Hillary Clinton alimkumbusha jambo hilo mbele ya taifa lote.

Kuna pia jina la Tony Rezko, mfanyabiashara wa Chicago aliyekuwa kati ya wa kwanza kumchangia pesa. Mwaka 2008 Rezko alikutwa na hatia ya rushwa. Obama hakushtakiwa, lakini mwaka 2006 alikuwa amenunua kipande cha kiwanja kutoka upande wa Rezko kando ya nyumba yake, na alikubali kwamba lilikuwa jambo la kijinga.

Upande wa pili wa mizani upo Oktoba 2002. Vita ya Irak ilikuwa inaandaliwa, na wakubwa wa chama chake Washington walikuwa wanajiandaa kuipigia kura ya ndiyo. Seneta wa jimbo asiyekuwa na kura yoyote katika jambo hilo alisimama kwenye mkutano wa hadhara Chicago akasema hapingi vita vyote, anapinga hii. Watu wachache walisikia. Miaka sita baadaye, maneno ya siku ile yalimtenganisha na karibu wagombea wote wakubwa.

Baada ya Springfield

Machi 2004 Obama alishinda uchaguzi wa ndani wa chama kwa karibu asilimia 53, akiwashinda wapinzani sita, mmoja wao tajiri Blair Hull aliyemwaga mamilioni ya dola kabla ya habari za talaka yake kumwangusha. Mgombea wa Republican, Jack Ryan, naye akajitoa kwa sababu ya habari za talaka. Chama chake kikamleta Alan Keyes kutoka Maryland, na Novemba Obama akapata asilimia 70. Bahati ilikuwepo, tena nyingi. Lakini maseneta wa poka, wale wa mashamba na miji midogo ya weupe, walimzungusha katika maeneo yao, na huko ndiko wapinzani walidhani hatapata kitu.

Wakongomani wana sababu ya kukumbuka kilichofuata. Kati ya sheria chache ambazo Obama aliziandika na kuzifikisha mwisho akiwa seneta wa taifa, mmoja ulikuwa muswada juu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliotiwa sahihi na rais George W. Bush Desemba 2006. Uliagiza msaada kwa Kongo na mjumbe maalum wa eneo la Maziwa Makuu, na ulimruhusu waziri wa mambo ya nje kuzuia msaada kwa nchi jirani inayovuruga Kongo. Alipokuwa rais na M23 ikainuka mwaka 2012, Marekani ilimkatia Rwanda dola 200,000 za msaada wa kijeshi. Wengi hapa waliona kwamba aliyeiandika sheria aliitumia kwa kijiko kidogo.

Kiti chake cha Springfield kilichukuliwa Novemba 2004 na Kwame Raoul, mwanasheria wa Chicago, mtoto wa wazazi waliotoka Haiti. Raoul ndiye aliyeusimamia katika Seneti muswada ambao Obama hakuthubutu kuupeleka. Tarehe 9 Machi 2011 gavana Pat Quinn aliutia sahihi, na Illinois ikafuta adhabu ya kifo.